Maswali ya Wasomaji: Zuhura, Jina na Nyota Yake

SWALI: Mhariri wa safu hii, nakusalimu kwa heshima. Rafiki yangu tangu tulipokuwa darasa la kwanza anaitwa Zuhura. Bibi yake mzaa mama ndiye aliyemchagulia jina hilo, kwa kuwa alizaliwa karibu na adhana ya alfajiri, na mwenyewe alilipenda sana. Mwezi uliopita tulikuwa kwenye harusi, na mama mmoja mtu mzima akasimulia mbele ya watu kwamba Zuhura alikuwa mwanamke mzuri aliyewapotosha malaika wawili, kisha akageuzwa nyota ili iwe adhabu yake. Tangu siku hiyo rafiki yangu amenyong'onyea, na sasa anasema atabadili jina. Naomba kujua jina hili lina maana gani hasa, kisa hicho kina ukweli kiasi gani, na kama kweli ni jina la kukimbiwa. — Msomaji, Pangani, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na lile linalomsumbua rafiki yako ili asilisubiri mpaka mwisho wa maelezo. Jina lake si baya, halikutokana na mwanamke yeyote aliyelaaniwa, na sioni sababu ya kulibadili. Nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa wapo akina Zuhura wengi, wa pwani na wa bara, ambao wamewahi kukisikia kisa hicho na kukaa nacho moyoni bila kumuuliza mtu.

Zuhura ni jina la sayari ya pili kutoka kwenye Jua, ile tunayoiona kama nyota kubwa nyeupe upande wa magharibi baada ya magharibi kuingia, au upande wa mashariki kabla ya mapambazuko. Waarabu waliiita az-Zuhara, na neno hilo limetoka katika mzizi wenye maana mbili zinazokaribiana sana, yaani kung'aa kwa mwanga mweupe na kuchanua kwa ua. Katika mzizi huohuo limetoka neno zahra, ambalo ni ua, limetoka Zahraa, sifa ya Bibi Fatuma binti wa Mtume Muhammad (S.A.W.), limetoka jina la kiume Zahran, ambalo ni la kawaida Oman na Unguja, na limetoka Azhar, jina la msikiti na chuo maarufu cha Cairo kilichoanza kujengwa na Wafatimi mwaka 970. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, Mtume aliziita sura mbili za Qur'ani, al-Baqara na Aal Imran, kwa jina la az-Zahrawain, yaani zile mbili zenye kung'aa. Huu ndio ukoo wa jina la rafiki yako, na ukiutazama wote, tangu ua mpaka sura za Qur'ani, hutakuta ndani yake neno lenye harufu ya uovu. Wapo pia wanaolihusisha jina hili na adhuhuri au na kudhihiri, lakini maneno hayo ni ya mzizi mwingine, unaoanza kwa sauti ambayo sisi huiandika kwa dh. Bibi yake hakumwita mjukuu wa alfajiri kwa jina la mchana.

Sasa tuje kwenye kisa. Mama aliyekisimulia hakukitunga, kwa maana kinapatikana katika vitabu vya zamani na kimesimuliwa kwa karne nyingi. Wanaokisimulia husema kwamba malaika waliwashangaa wanadamu kwa wingi wa dhambi zao, wakaambiwa wachague wawili miongoni mwao washushwe duniani wakiwa na matamanio kama ya wanadamu. Waliochaguliwa ni Haruti na Maruti. Huko duniani akawajia mwanamke mzuri kupita kiasi, wakamtaka, naye akakataa mpaka wakubali kumshirikisha Mungu, au kuua, au kunywa ulevi. Walichagua ulevi wakidhani ndiyo dhambi nyepesi, na walipolewa wakayafanya yote. Baadhi ya wasimulizi huongeza kwamba mwanamke huyo alijifunza kwao jina tukufu la kupandia mbinguni, akapanda, na huko akageuzwa kuwa nyota ya Zuhura.

Haruti na Maruti wametajwa kweli ndani ya Qur'ani, katika sura ya al-Baqara, aya ya 102. Ni vyema rafiki yako aisome aya hiyo mwenyewe, kwa sababu ataona kilichomo na kisichokuwamo. Zimo habari za malaika wawili wa Babeli, watu waliojifunza kwao mambo ya kumtenganisha mume na mke, na onyo ambalo malaika hao walilitoa kwanza kwa kila mtu kwamba wao ni mtihani tu, basi asikufuru. Mwanamke wa kuwapotosha hayumo, ulevi haumo, wala hakuna aliyegeuzwa nyota. Mambo hayo yote yameletwa na masimulizi ya pembeni, na wanazuoni wakubwa wameyakataa. Ibn Kathir, mfasiri wa Damascus aliyefariki mwaka 1373, aliyafuatilia masimulizi hayo na kueleza kwamba asili yake ni habari ambazo Kaab al-Ahbar, mwanazuoni wa Kiyahudi aliyesilimu, alizipokea kutoka kwa Wana wa Israili, si maneno ya Mtume. Fakhruddin ar-Razi, mfasiri mwingine wa Qur'ani aliyemtangulia kwa zaidi ya karne moja, naye aliyapinga kwa hoja. Basi mtu wa dini hana ulazima wa kukiamini kisa hiki, na aliyekisikia harusini hana sababu ya kukifanya hukumu juu ya jina la mtu.

Kuna hoja nyingine ambayo kwangu mimi ina nguvu zaidi, kwa kuwa haihitaji mtu awe mwanazuoni ili aielewe. Katika mapokezi mengine ya kisa hichohicho mwanamke huyo haitwi Zuhura, bali huitwa Anahidh, na Nahid ndilo jina la sayari hiyohiyo kwa Kiajemi. Maana yake ni kwamba kila msimulizi alimpa mwanamke wa kisa jina ambalo nyota ilikuwa nalo tayari katika lugha yake. Nyota haikuitwa Zuhura kwa sababu ya mwanamke. Mwanamke wa kwenye kisa ndiye aliyeitwa Zuhura kwa sababu ya nyota. Wala si ajabu kwamba kisa kiliwekwa Babeli, kwa maana watu wa Babeli ya kale waliiabudu sayari hii kwa jina la Ishtar, mungu wao wa kike wa mapenzi na wa vita, na walizifuatilia nyakati za kuonekana na kupotea kwake kwa uangalifu hata zikaandikwa kwenye mabamba ya udongo. Mahali ambapo watu waliiona nyota na kuidhania mwanamke wa mapenzi, si vigumu kuelewa jinsi watu waliokuja baadaye, wasiokubali kuabudu nyota, walivyosimulia habari ya mwanamke wa mapenzi aliyeadhibiwa. Hizo ni habari za imani za kale na jinsi zilivyogongana. Hazimhusu mtoto wa kike aliyezaliwa Pangani karibu na adhana ya alfajiri.

Kuhusu kubadili jina, mafundisho ya Mtume yanajulikana na kipimo chake ni maana. Imepokewa kwamba alimbadilishia jina mwanamke aliyeitwa Aasiya, kwa ile maana ya mwenye kuasi, akamwita Jamila, yaani mzuri. Hilo si jina la Asiya mke wa Firauni, ambalo wengi wetu tunalo majumbani mwetu na ambalo ni jina jema. Imepokewa pia kwamba alimtaka mtu aliyeitwa Hazn, jina lenye maana ya ugumu, ajiite Sahl, yaani wepesi, naye akakataa akitaka kubaki na jina alilopewa na baba yake. Tukilipima jina la Zuhura kwa kipimo hicho, tunapata mwanga na kuchanua, na sijui ni nani angetaka kumwondolea binti yake mambo hayo mawili. Tusisahau nao mzigo wa upande wa serikali, kwa kuwa mtu mzima anayebadili jina hulazimika kushughulikia cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa, vyeti vya shule, hati ya kusafiria na akaunti ya benki, kazi ambayo haifai kubebwa kwa sababu ya simulizi ya harusini.

Nadhani sehemu ya hofu inayolizunguka jina hili imetokana na kulichanganya na jina la sayari nyingine. Katika elimu ya falaki, ambayo wazee wetu wa pwani walikuwa wakiitazamia ndoa, safari na magonjwa, Zohali ndiyo iliyohesabiwa kuwa nyota ya nuksi kubwa. Zuhura ilihesabiwa kuwa nyota ya heri ndogo, ikiifuata Mshtarii, yaani sayari ya Jupita, ambayo ndiyo heri kubwa, na siku yake ilikuwa Ijumaa. Sisemi haya ili mtu aitegemee nyota kwa heri wala kwa shari, kwa maana nyota haina uwezo huo. Nasema tu kwamba hata wale walioamini mambo ya nyota hawakuiogopa Zuhura. Mtu akisikia Zuhura na Zohali kwa haraka, hasa kutoka kwa msimulizi asiyejua vizuri, anaweza kumtwika mmoja makosa ya mwenziwe.

Ipo pia habari ya Bibi Fatuma. Familia nyingi za Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa humpa mtoto jina la Zuhura kwa nia ya kumkumbuka Fatuma Zahraa, mke wa Ali na mama wa Hasan na Husein, aliyefariki mwaka 632, miezi michache tu baada ya baba yake. Kwa kufuata lugha, sifa ya Bibi Fatuma ni Zahraa, wala si Zuhura, lakini nia ya wazazi haiharibiwi na tofauti hiyo, kwa kuwa majina yote mawili yanachota mwanga katika kisima kimoja. Muulize rafiki yako kama bibi yake aliwahi kulitaja jambo hili. Inawezekana kwamba alfajiri ilikuwa sababu moja na Bibi Fatuma akawa sababu ya pili, maana wazee wetu mara nyingi walimpa mtoto jina moja kwa sababu zaidi ya moja, na sababu waliyoisema hadharani haikuwa lazima iwe ndiyo iliyo kubwa.

Na tusiishie kwenye mambo ya kale tu. Jina huongezewa maana na watu wanaolibeba. Msomaji wa leo akisikia Zuhura, huenda akamkumbuka Zuhura Yunus, ambaye sauti yake tuliizoea kwa miaka mingi katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC kabla hajateuliwa mwaka 2022 kuwa Mkurugenzi wa Mawasiliano ya Rais Ikulu. Vijana watamkumbuka kwanza Zuhura Othman Soud wa Zanzibar, ambaye wanamjua zaidi kwa jina la Zuchu, binti wa mwimbaji wa taarabu Khadija Kopa. Kanga zetu zimeandikwa tangu zamani kwamba jina jema hung'aa gizani, na sijui jina jingine ambalo methali hiyo inalihusu moja kwa moja kama hili, ambalo maana yake yenyewe ni kung'aa na mwenye jina kule juu huonekana giza linapoingia. Kama rafiki yako anataka kumjibu yule mama kwa adabu, bila kubishana naye, basi avae kanga yenye maneno hayo kwenye harusi ijayo.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Katika somo la mfumo wa Jua, mwanafunzi mmoja anayeitwa Zuhura aliniuliza kama yeye ni nyota ya asubuhi au nyota ya jioni, na kwa nini sayari imepewa jina la msichana. Nilimjibu nusu nusu. Naomba msaada. — Mwalimu, Kigoma.

JIBU: Mwalimu, mwambie mwanafunzi wako kwamba yeye ni zote mbili, na kwamba swali lake liliwashughulisha watu wazima kwa muda mrefu sana. Wagiriki wa kale walikuwa na majina mawili, moja la nyota ya asubuhi na jingine la nyota ya jioni, kabla ya kukubaliana kwamba nyota ni moja. Sababu ya jambo hilo unaweza kuichora ubaoni. Njia ya Zuhura kulizunguka Jua iko ndani ya njia ya Dunia, kwa hiyo sisi tukiitazama haiwezi kuachana na Jua kwa zaidi ya nyuzi 47 hivi. Ikiwa upande mmoja wa Jua, tunaiona baada ya Jua kutua. Ikihamia upande wa pili, tunaiona kabla ya Jua kuchomoza. Ikiwa katikati, inapotea kwa muda katika mwanga wa Jua. Ndiyo maana hakuna mtu wa Kigoma aliyewahi kuiona Zuhura utosini saa sita ya usiku. Mzunguko huo wa kutoka jioni hadi jioni nyingine huchukua siku 584 hivi, na mizunguko mitano hukaribia sana miaka minane kamili, hivyo mwanafunzi akiiona jioni fulani mwaka huu, ataiona karibu na mahali palepale miaka minane baadaye, atakapokuwa kijana.

Mng'ao wake unatokana na mawingu mazito ya asidi ya salfuri, ambayo hurudisha takriban robo tatu ya mwanga unaoyafikia. Chini ya mawingu hayo joto ni la nyuzi 465 hivi za Selsiasi, na uzito wa hewa ni mara 90 hivi ya ule wa kwetu. Sayari hiyo hujizungusha kinyume na Dunia, na polepole mno: huchukua siku 243 za kwetu kujizungusha mara moja, ilhali mwaka wake ni siku 225. Wanafunzi hulipenda sana jambo hili, kwamba kule Jua huchomoza magharibi. Yaseme haya kwa uangalifu mbele ya mtoto mwenye jina, asije akaambiwa na wenzake kwamba yeye ni moto na asidi. Mwonyeshe kwanza nyota yenyewe usiku ikionekana, kisha ndipo umweleze yaliyo chini ya mawingu.

Kwa nini jina la kike? Katika Kiarabu az-Zuhara ni neno la kike. Warumi nao waliipa jina la Venus, mungu wao wa kike wa mapenzi, na ndugu zetu ng'ambo ya Ziwa Tanganyika waliosoma kwa Kifaransa hulitaja jina hilo kila wiki bila kukusudia, kwa sababu Ijumaa yao, vendredi, ni siku ya Venus, sawasawa na mpangilio wa wanafalaki wa pwani nilioutaja hapo juu. Kamusi zetu zina pia neno ng'andu kwa nyota hiihii, nami ningependa walimu walifufue, maana ni neno letu na halina kisa chochote cha malaika nyuma yake. Wanaastronomia wa leo wameendeleza desturi ya kike kwa utaratibu rasmi: karibu kila mahali palipopewa jina kwenye uso wa Zuhura pana jina la mwanamke, na mashimo madogo yaliyochimbwa na vimondo hupewa majina ya kwanza ya wasichana kutoka mataifa mbalimbali. Milima mirefu kuliko yote huko, yenye kimo cha kilometa 11 hivi, ina jina la mwanamume, Maxwell, kwa kuwa ilipewa jina kabla ya utaratibu huo kukubaliwa. Mwisho, wapo wazazi wa wanafunzi wako ambao tarehe 8 Juni 2004 wangeweza kuiona Zuhura ikipita mbele ya Jua kama doa dogo jeusi. Ilipita tena tarehe 6 Juni 2012, na haitapita hivyo tena mpaka Desemba 2117.

SWALI: Nina binti wa miaka mitatu anayeitwa Zahra, na ninatarajia mwingine. Mume wangu anapendekeza Zuhura, lakini mama mkwe anasema tutakuwa tumempa mtoto jina la dada yake. Nani mwenye haki? — Mama mtarajiwa, Mombasa.

JIBU: Mama mkwe ana haki ya kusema kwamba majina hayo yana mzizi mmoja, ila si kweli kwamba ni jina moja. Zahra ni ua, au ni ufupisho wa Zahraa, yule mwenye kung'aa. Zuhura ni nyota. Mfano mwema wa ndugu wawili wenye majina ya mzizi mmoja uko karibu sana, nao ni wajukuu wa Mtume, Hasan na Husein, kwa kuwa Husein ni Hasan kwa namna ya kudogosha kwa mapenzi. Mwambie mama mkwe hivyo kwa upole, na nadhani ataridhika.

Linalonitia wasiwasi kidogo ni mambo ya kila siku. Mtoto akiitwa Zahra na mwenziwe Zuhra, jirani akiita kutoka barazani wataitika wote wawili, na karani wa ofisi naye anaweza kuchanganya majalada yao. Kwa hiyo mkichagua jina hili, liandikeni Zuhura kwa u mbili kwenye cheti cha kuzaliwa, msikubali karani aandike Zuhra wala Zuhrah, na hakikisheni kadi ya kliniki inaandikwa vivyo hivyo tangu siku ya kwanza.